Makofi ya Mgeni

Namna Sabiha alivyofika Shenlao haina utamu wa kusimulia. Alipanda, akashuka, akangoja, akafika. Kilichomshangaza ni kwamba hakuna aliyemuuliza jina lake. Kila aliyekutana naye alimtazama mikono.

"Karibu, Mikono," alisema Bwana Hou, ofisa aliyempokea mlangoni pa nyumba ya wageni. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miduara miwili myekundu mashavuni kama walivyojipaka watumishi wote wa serikali wakiwa kazini. "Tulikuwa tunakungoja. Tumekaa bila mikono muda mrefu."

Sabiha alikuwa mwalimu wa maigizo katika shule moja ya Pangani, na hata wanafunzi wake walizoea kumwomba apaze sauti. Alitabasamu tu. Alidhani ndiyo salamu ya kwao, lakini mikono yake aliificha chini ya mtandio.

Shenlao iko nyuma ya milima, pale ramani zinapoishia kwenye rangi ya kahawia isiyo na majina. Watu wake walirithi opera kwa majirani zao Wachina: nyuso zilizochorwa, upatu, vibao vya kugongesha, na ile sauti nyembamba inayopanda mpaka msikilizaji ashike kiti. Kwingine opera hutazamwa. Kule Shenlao opera ndiyo inayotawala. Serikali ya Alfajiri ikitaka watu walime mtama badala ya mpunga haitoi tangazo. Hutunga opera ambamo mpunga unamsaliti mkulima. Jukwaani uso mwekundu ni wa mwaminifu na mweupe ni wa laghai, na mtu akionyeshwa na uso mweupe leo, kesho majirani hawamwazimi hata moto.

Sheria iliyo kubwa kuliko zote Sabiha alielezwa jioni ile ile, kwenye chai. Mtu akitungiwa opera, ikathibitishwa, maisha yake hunyooshwa mpaka yafanane na wimbo.

"Kwa nini msinyooshe wimbo?" aliuliza Sabiha.

"Wimbo umekwisha kuimbwa," alisema Bwana Hou, kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto kwa nini maji ni majimaji. "Maisha bado yanaendelea, kwa hiyo ndiyo yanayorekebishika."

Na kweli yalikuwa yamerekebishwa. Daktari wa mtaa ule, mama wa makamo, alitembea na kitambaa juu ya jicho la kushoto. Jicho lenyewe lilikuwa zima. Katika opera yake alilipoteza akimtibu askari, na ofisi ikamwomba kwa adabu aache kulitumia. Mwanamke mmoja mfyatua matofali, ambaye jukwaani alikufa kwa kukataa kupumzika, alikuwa hai nyuma ya tanuri. Majirani walimpitishia uji juu ya ua bila kumtazama usoni, maana marehemu hana posho. Wanaume walioimbwa nao walikuwapo. Huyu alikuwa amepewa baiskeli aliyoiendesha katika wimbo, yule cheo, yule mwingine nyumba yenye ghorofa kwa sababu mtunzi alihitaji ngazi ya kumteremshia. Sabiha aliona kwamba wanaume walikuwa wameongezwa na wanawake wamepunguzwa. Hakusema. Hakuwa mtu wa kusema mambo siku ya kwanza.

"Na mikono?" aliuliza.

"Opera haiwi kweli mpaka mgeni aipigie makofi."

"Wenyeji wakipiga je?"

"Sisi tunapiga kwa sheria," alijibu Bwana Hou bila kuona haya. "Kwa hiyo makofi yetu hayathibitishi kitu. Ya mgeni ni ya hiari."

"Asipopiga?"

"Bado hajatokea." Alimwongezea chai. "Karamu huandaliwa baada ya makofi. Aliyekutangulia alipiga kabla upatu haujanyamaza. Alikuwa na njaa, masikini."

Sabiha aliitazama ile chai, akaiacha ipoe.

Asubuhi alipelekwa kwenye jumba la mazoezi kukutana na mtunzi mkuu, Bi Kuang, mwanamke mwembamba aliyekwisha kuzeeka, nywele zake zimekatwa sawasawa kama kwa rula. Enzi za wafalme, wanawake wa jukwaani waliigizwa na wanaume. Serikali ya Alfajiri ilipoingia, Bi Kuang alikuwa mwanamke wa kwanza kuruhusiwa kupanda. Alicheza wajane miaka mingi, mpaka wajane walipofutwa.

"Walifutwa?" Sabiha alidhani hakusikia vizuri.

"Jukwaani, binti yangu. Wa mitaani wapo." Bi Kuang alimwonyesha ukuta uliobaki misumari mitupu. "Hapa yalitundikwa magauni yenye mikono ya hariri nyeupe, mirefu kupita vidole, inaburura chini. Mjane hakutoa chozi. Aliurusha mkono wa gauni hivi, ukatetemeka hewani, na ukumbi mzima ukalia kwa niaba yake. Tumeikata yote."

"Mbona mliikata?"

"Shujaa halii. Ukimwachia cha kulilia atakitumia."

"Hariri yenyewe ilikwenda wapi?"

"Sokoni. Wanachujia maziwa ya soya." Bi Kuang alisema hayo bila kukunja wala kukunjua uso. "Usisikitike. Zamani mwanamke wa opera alijitupa kisimani kwa ajili ya heshima ya mume. Siku hizi anajitupa mtoni kwa ajili ya ghala la serikali. Tumepiga hatua."

Sabiha alimtazama kwa makini ajue kama anadhihaki. Uso ule ulikuwa umechorwa miaka mingi mno, haukueleza kitu.

Opera mpya ilihusu mwanamke aitwaye Anlu. Mto ulipofurika alfajiri moja na tuta kupasuka, Anlu peke yake aliziba ufa kwa mwili wake mpaka wenzake walipofika na viroba vya mchanga, na ghala likapona. Shujaa huyo hakuwa na mume.

"Hakuna shujaa wetu mwenye mume," alisema Bi Kuang. "Katikati ya mafuriko angeuliza chakula kiko wapi."

"Na mtoto?"

Bi Kuang aliinama kuokota kibao kilichoanguka. "Mtoto huvuta macho ya watazamaji," alisema akiwa chini.

Mchana Sabiha alitoka kutembea sokoni. Kila muuzaji alimpa kitu, kila mtu alimsifia, na kadiri walivyomsifia ndivyo alivyotaka kujua wametumwa na nani. Mwishoni mwa soko palikuwa na mwanamke kijana mwenye mabega mapana, anachuja maziwa ya soya ndani ya pipa kwa kitambaa cheupe kilichochakaa. Kando yake mtoto wa kike, aliyeng'oka meno ya mbele, alikuwa akichambua maharage. Mwanamke huyo hakumsifia.

"Wewe ndiye Mikono?"

"Naitwa Sabiha."

"Mimi Anlu." Aliendelea kukamua kitambaa. "Keshokutwa wataniimba. Inama, jifanye unachagua tofu."

Sabiha aliinama.

"Sikwenda kuokoa ghala, dada. Nani anaujali mchele wa serikali? Huyu, Nienie, alikuwa amewafuata bata, maji yakamzingira, akapanda juu ya paa la ghala. Mume wangu alikuwa wa kwanza kuingia kwenye ufa. Mto ulimchukua. Nikaingia mimi, na jirani zangu wakaingia, wanawake peke yetu, tumeshikana viuno. Ghala lilipona kwa sababu mwanangu alikuwa amesimama juu yake." Alishusha pumzi. "Katika wimbo sina mtoto. Ukipiga makofi, kesho yake Nienie anapelekwa milimani, kwenye Nyumba ya Wasioimbwa. Watoto wote wa mashujaa wako huko."

"Unataka nifanye nini?"

"Usipige."

Machozi yalimtoka akiwa bado anakamua, yakaingia kwenye soya, naye hakuyafuta. Sabiha alirudi nyumba ya wageni.

Bwana Hou alikuwa anamngoja na sahani ya matunda. "Umeonana na mwanamke wa soya," alisema. Hakuwa anauliza. "Analia vizuri, au siyo?"

Sabiha aliisogeza sahani kando.

"Ni mwigizaji wetu, bora kabisa. Kila mgeni tunampitisha kwake, tuone kama ni mtu wa kuyumbishwa. Na yule mtoto ni wa kuazima." Alimenya chungwa kwa ustadi, ganda likatoka zima. "Usijilaumu. Wengi hutokwa na machozi."

Tangu hapo Sabiha hakuwa na raha. Aliyarudia maneno ya Anlu mojamoja kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Viuno vilivyoshikana, bata, paa: je, hayakuwa yamekaa vizuri mno? Yeye mwenyewe alifundisha maigizo, alijua jinsi jambo dogo kama bata linavyomfanya msikilizaji aamini jambo kubwa. Alimfuata Bi Kuang akamuuliza kwa sauti ya chini kama kweli serikali ina mwigizaji wa namna ile.

"Tunaye," alisema Bi Kuang.

"Ndiye huyu wa soya?"

"Bwana Hou husema hivyo juu ya kila mwanamke anayelia. Mara nyingine husema kweli." Akaongeza, akiwa tayari amegeuka kwenda zake: "Mimi ndiye niliyemfundisha. Nikimwona analia, hata mimi simjui."

Kesho yake Sabiha alirudi sokoni akiwa ameukaza moyo. Hakumsalimia Anlu. Alichutama mbele ya mtoto.

"Siku ile ya mafuriko ulikuwa unatafuta nini ghalani?"

"Bata," alisema Nienie.

"Bata wangapi?"

"Hawahesabiki. Wanatembea."

Sabiha karibu acheke, kisha akajizuia. Jibu tamu namna ile mtu angeweza kuliandika. Anlu alikuwa amesimama na mikono kiunoni, ameelewa.

"Wamekwambia mimi mwigizaji."

"Wameniambia."

"Sasa nikuthibitishie vipi? Nikilia, utasema nimefundishwa. Nisipolia, utasema sina uchungu. Nikikuonyesha nguo za marehemu utasema zimetoka stoo ya jukwaa." Alikichovya kile kitambaa cha hariri kwenye maji, akakipiga kwenye jiwe. "Nenda zako, dada. Umekuja kunitazama kama wao."

Sabiha aliondoka ameinamisha kichwa. Alizunguka soko lote bila kujua anazunguka. Alijiuliza: mwanamke huyu akiwa mwigizaji, nami nikakataa kupiga makofi, nitakuwa nimepata hasara gani? Watanicheka. Nitakosa karamu. Na akiwa si mwigizaji, nami nikapiga? Hapo alisimama. Hakuwa amepata jibu la nani ni nani, lakini aliona kwamba hilo halikuwa swali lake tena.

Siku ya opera jumba lilijaa mpaka madirishani. Sabiha aliwekwa kwenye kiti kirefu katikati, mikono yake juu ya mto mwekundu wa pamba ili kila mtu aione. Chini ya jukwaa, peke yake, kama desturi inavyotaka, alisimamishwa mwenye kuimbwa ajifunze jinsi atakavyoishi. Alikuwa yule yule mwanamke wa soya. Sabiha alimgeukia Bwana Hou. Bwana Hou alikuwa anatazama dari.

Basi ndiye. Au kama alikuwa mwigizaji, alikuwa amepewa maisha mazima ya kuigiza, na hapo tofauti iko wapi?

Upatu ulilia. Anlu wa jukwaani aliingia na uso mwekundu, mikono ya nguo imekatwa juu ya kiwiko, ngumi mbele. Aliimba kwa uzuri uliomuumiza Sabiha, maana wimbo ulikuwa mzuri kwelikweli. Vijana walitikisa vitambaa vya buluu vikawa mto. Nyuma palisimama ghala la mbao zilizopakwa rangi, na juu ya paa lake bendera. Anlu alijitupa kwenye ufa akiwa peke yake, hana jirani hata mmoja wa kumshika kiuno, akaimba kwamba hakumwacha mtu nyumbani kwa kuwa nyumba yake ni nchi nzima. Upatu ukapigwa mara ya mwisho. Ukimya ukaingia, na jumba zima likaitazama mikono juu ya mto mwekundu.

Mikono haikusogea.

Bwana Hou alikohoa. Sabiha alisimama. Sauti aliyoitoa ilikuwa ndogo, lakini palikuwa kimya kiasi kwamba ilitosha.

"Juu ya paa hapana mtu."

Kwa muda hakuna aliyejua afanye nini, kwa kuwa sheria haikuwa imeliwaza jambo hilo. Kisha maofisa walioketi mstari wa mbele wakaanza kubishana, wakasahau kwamba wananchi wanasikia.

"Paa la ghala halihitaji mtu," alisema mmoja mwenye ndevu. "Lina bendera."

"Mgeni anataka mtoto," alisema mwingine. "Niliwaambia wageni wa pwani wanapenda watoto."

"Ukiweka mtoto, mwanamke atakuwa ameokoa mtoto wake. Hata kuku anafanya hivyo. Utukufu uko wapi?"

"Tena wa kike. Angekuwa wa kiume angeweza kushika bendera."

"Ndugu zangu, bila makofi hatuna opera. Bila opera, tuta tutalijengaje upya? Watu watakwenda kwa sababu gani?"

"Kwa sababu mto utafurika," alisema mtu nyuma ya jumba, wakamtafuta wasimwone.

Hapo Bi Kuang alipanda jukwaani. Hakumtazama Sabiha wala Anlu. "Mtoto anaweza kuwekwa," alisema, kwa ile sauti yake kavu, "ikiwa ndiye anayemwambia mama asimtazame. Mama anatoka mtoni kumfuata. Mtoto anainua ngumi na kusema: usiniangalie mimi, mama, liangalie ghala. Mama analiangalia ghala. Utukufu unakuwa mara mbili. Na kwa kuwa mtoto yumo kwenye wimbo, itabidi awemo nyumbani, kila siku, ili maisha yasipishane."

Maofisa walinong'ona. Bwana Hou alionekana kama mtu aliyeletewa zawadi. "Mtoto wa kuigiza tutampata wapi sasa hivi?"

"Yupo mlangoni," alisema Bi Kuang. "Ameshikwa na askari tayari kwa safari ya milimani. Mtaokoa gharama."

Nienie aliletwa, akapandishwa juu ya paa la mbao, akafundishwa maneno yake mara chache. Vitambaa vya buluu vilianza kutikiswa. Mtoto alipoona maji yale yanapanda, hata kama yalikuwa vitambaa, midomo ilimcheza. Lakini aliinua ngumi.

"Usiniangalie mimi, mama," alisema kwa pengo lake. "Liangalie ghala."

Na Anlu wa kweli, chini ya jukwaa, ambaye hakutakiwa kufanya kitu ila kujifunza, alimnyooshea mtoto mikono yote miwili.

Jumba zima lilimwona. Mwenye ndevu aliinuka nusu. Mikono ile haikuwa kwenye wimbo.

"Iingizwe," alisema Bi Kuang upesi. "Hapa mama hunyoosha mikono kuwaonyesha wananchi lilipo ghala."

Mwenye ndevu alilipima ghala na ile mikono, akaona vinaelekeana, akaketi.

Sasa macho yote yalirudi kwenye mto mwekundu. Sabiha hakuwatazama maofisa. Alimtazama Anlu, na Anlu, bila kushusha mikono, aliinamisha kichwa kidogo sana. Sabiha alipiga makofi. Yalisikika peke yake kwanza, makavu, kisha jumba likalipuka kwa makofi ya sheria.

Karamuni hakula.

Siku ya kuondoka, Bwana Hou alimsindikiza kupitia sokoni, akimsifia kwa kuwa mgeni wa kwanza aliyeboresha opera. "Wanataka uje tena," alisema. "Wanasema una jicho." Sabiha alimjibu kwamba jicho analo, akashukuru kwamba bado anaruhusiwa kulitumia. Bwana Hou alicheka, kisha akamtazama jicho la kushoto.

Mbele yao Nienie alikuwa akikimbia na bakuli la maharage. Aliteleza kwenye maji ya soya, akaanguka kifudifudi, bakuli likapasuka. Alikaa, akatazama goti lake linavyotoka damu. Midomo ilianza kumcheza. Kisha akawaona watu wamesimama na yule ofisa mwenye mashavu mekundu anakuja, akaiinua ngumi yake ndogo.

"Usiniangalie mimi, mama," alisema, sauti ikikatika. "Liangalie..."

Anlu alikuwa amekwisha kuacha pipa. Alifika, akapiga magoti, akamkumbatia mtoto mzimamzima, mgongo wake mpana umeelekea barabarani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na katika wimbo mabega hayatikisiki.

Sabiha aliifungua kanga aliyojitanda, akaishika ncha mbili, akaitandaza kati yao na Bwana Hou. Akaanza kuikung'uta, polepole, juu na chini, kama mtu anayetoa vumbi la safari.

"Vumbi la Shenlao ni jingi kiasi hicho?" aliuliza Bwana Hou, akijaribu kuchungulia upande.

"Ni jingi," alisema Sabiha, akasogea upande huo huo. Aliendelea kukung'uta mpaka kilio nyuma ya kanga kilipokwisha chenyewe.